Manyani wa Adili: Dhidi ya Uhakiki wa "Mafunzo"

Wahakiki wetu wamekwisha kuzoea kuisoma fantasia ya Shaaban Robert kama fumbo lenye jibu moja. Kusadikika (1951) ni ukoloni, basi. Adili na Nduguze (1952) ni wema dhidi ya uovu, basi. Kijana wa sekondari hukabidhiwa ufunguo kabla hajauona mlango, naye huingia katika chumba cha mtihani na orodha ya "mafunzo" aliyoikariri. Tunaupinga usomaji huu. Haumfai kijana, na zaidi ya hayo unamsingizia mwandishi.

Tuchukue wale manyani. Kisa cha Adili kina asili yake katika Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu wawili mahasidi hugeuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwageuza manyani, na badiliko hilo halikuwa pambo. Mbwa ni najisi kwa msomaji wengi wa pwani wamjuaye. Kumsogeza karibu na chakula kungemchukiza kabla hajahurumiwa. Nyani ni jambo jingine. Mpeleke Adili Hewani, kingoni mwa Mto Tana upande wa Garsen, ambako mkulima wa Kipokomo hulinda mahindi na ndizi zake dhidi ya wanyama hao, na ambako misitu ya kando ya mto ina aina mbili za kima wasiopatikana pengine popote duniani. Kijana wa huko hahitaji kufafanuliwa maana ya kumpiga nyani. Asichokijua ni nyani anayelia, na mpigaji anayelia pamoja naye, kisha akamlisha. Hapo ndipo fantasia inapofanya kazi: kitendo alichokizoea shambani kinamgeukia kuwa swali.

Nalo swali si jepesi. Adili huwachapa ndugu zake kila usiku kwa amri ya Huria, binti wa kijini. Je, anatii haki, au anatii nguvu? Ni kweli kwamba majina yenyewe, Adili, Hasidi na Mwivu, yanahukumu mapema, na hapo wapinzani wetu wana hoja. Lakini aliyeshika kiboko ni huyo huyo mwadilifu. Rai, mjumbe wa Mfalme Tukufu, anaona na kustaajabu. Mwandishi hamlainishii kijana lugha wala hamfichi ukatili.

Wapo pia wanaodai kwamba vijana wapewe uhalisia mtupu, eti maajabu ni ya watoto. Hao tuwaulize ni riwaya gani ya kihalisia imemkabidhi kijana kiboko namna hii.

Na mwisho wa kisa? Katika Alfu Lela Ulela ndugu hao wanarudia uovu na kujaribu kumwua ndugu yao. Kwa Shaaban Robert wanarudishiwa utu wao. Orodha ya mtihani husema "uovu huadhibiwa". Hadithi yenyewe inasema adhabu ilikomeshwa.