Msitupe Mlivyotupa

Nasema na ninyi wa mashirika kwanza, halafu nitageukia sisi wenyewe. Mnatuletea vifaa vya dharura, mnapiga picha ofisi ya bloku, ripoti inaandikwa kwamba jamii imewezeshwa. Mimi nafanya kazi na vijana hapa Kakuma na hayo masanduku nimeyafungua. Mengi ya yaliyomo ni ya elimu iliyokwisha kuachwa huko yalikotoka.

Chukua ubao wa majeruhi, ule mrefu mgumu wenye mikanda. Shirika moja lilituletea kadhaa, zimechubuka, na stika za gari la wagonjwa la nchi nyingine bado ziko. Mwaka 2013 madaktari wa dharura na wapasuaji wa majeruhi wa Marekani walitoa tamko la pamoja kwamba ubao huu usitumiwe kwa kila aliyeumia, kwa sababu unaleta maumivu, unabana pumzi na unaweza kutia vidonda vya kulalia. Kazi yake iliyobaki hasa ni kumtoa mtu alipokwama. Akishatoka, alazwe kwenye machela yenye godoro, atulizwe asijipindepinde. Kutoka hapa hadi Lodwar ni zaidi ya kilomita 100. Jilaze wewe juu ya ubao huo mpaka Lodwar, ukirudi tuongee.

Lakini kilichonikasirisha zaidi ni pakiti ya nyoka. Ndani: wembe, kamba ya mpira, kikombe cha kunyonyea sumu. Jameni! Turkana kuna moma wadogo wa mchangani, na sumu yao inazuia damu isigande. Ukimchanja mtu kama huyo kwa wembe, damu utaisimamisha na nini? Shirika la Afya Duniani linasema wazi: usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Mtulize mgonjwa, mvue pete na bangili, funga gango mguu au mkono usicheze, mfikishe haraka penye dawa ya sumu. Na wale mama zetu waliotoka Kongo na jiwe jeusi kwenye mkoba, nawaheshimu, lakini jiwe halivuti sumu. Linakula muda tu.

Sasa angalia ajabu hii. Mkanda wa kukaza juu ya kidonda, tulifundishwa ni wa mwisho kabisa, eti utampotezea mtu mguu. Vita vya Iraki na Afghanistani viligeuza fundisho hilo. Mtu akikatwa panga na damu inaruka mkononi au mguuni, kugandamiza kumeshindwa, mkanda mpana unakazwa mapema juu ya jeraha mpaka damu isimame, saa inaandikwa, anakimbizwa. Yaani pale tulipoambiwa tufunge, tusifunge. Na pale tulipoambiwa tusifunge, tufunge. Na mkanda huo mpana, katika masanduku yote niliyofungua, sijaukuta hata mmoja.

Bango la ukutani nalo linaanza na kupuliza mdomoni. Mwongozo wa Marekani ulibadilika 2010: mtu mzima aliyeanguka ghafla, hapumui, anza na kifua. Bonyeza katikati, kwa nguvu, sentimita 5 hivi kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kupuliza hakujafutwa. Mtoto aliyetolewa kwenye maji ya laga ya Tarach anahitaji pumzi vilevile, na hilo bango jipya lolote lisisahau, maana laga zetu zinajaa ghafla.

Najua jibu: pesa zimekatwa, mgao wenyewe umepunguzwa, heri nusu shari. Sikubali. Wembe kutolewa sandukuni kunagharimu nini? Bango kubadilishwa? Halafu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2000 kuhusu misaada ya vifaa vya hospitali ulishasema kusiwe na vipimo viwili vya ubora: kisichokubalika kwa anayetoa, kisikubalike kwa anayepokea. Huu si usemi wangu wa hasira. Ni wa kwenu.

Na sisi tuache kusaini kila kinachoshushwa kwenye gari. Viongozi wa bloku, ulizeni: kiliacha kutumika lini huko? Nani atatufundisha? Kikiharibika nani anatengeneza?

Ambao hawajafundishwa chochote ni vijana wa bodaboda, na usiku wao ndio gari la wagonjwa letu. Mama mwenye uchungu, mtoto aliyeumwa na nyoka, aliyegongwa njiani, wote wanapakiwa nyuma ya pikipiki. Wafundisheni hao kwanza, kwa Kiswahili, Kisomali, Kiarabu cha Juba na Kiturkana, na kila mmoja apewe mkanda na bendeji za kutosha. Hizo mbao tutazigeuza mabenchi ya mafunzo. Kwa kukalia ziko imara.