Minnesota yarejea kwenye herufi, wazazi wetu wasikae pembeni

Shule za msingi za Minneapolis na Saint Paul zinabadilisha namna ya kuwafundisha watoto kusoma, na jambo hilo linawagusa moja kwa moja Waswahili wanaoishi huko. Mwezi Mei 2023 jimbo la Minnesota lilipitisha sheria ya READ, inayozitaka shule ziachane na mtindo wa kumwacha mtoto abahatishe neno kwa kutazama picha. Badala yake afundishwe sauti za herufi, aziunganishe, kisha asome neno zima.

Hatua hiyo haikuja bure. Katika mitihani ya jimbo ya mwaka 2024, ni takriban nusu tu ya wanafunzi waliofikia kiwango kinachotakiwa cha kusoma.

Kwa sisi tuliokaririshwa ba be bi bo bu mbele ya ubao, hapa hakuna ugeni mkubwa. Irabu za Kiswahili ni tano na hazibadiliki sauti, hivyo mtoto aliyeshika silabi husoma hata neno ambalo hajapata kulisikia. Kiingereza hakina uungwana huo: herufi a ina sauti moja katika cat, nyingine katika cake na nyingine tena katika car. Hata hivyo siri ni ile ile, kwamba herufi inasimama badala ya sauti, na aliyeipata kwa Kiswahili haanzi upya.

Ndiyo maana inasikitisha kuona bado wapo wazazi wanaoshauriwa, tena na ndugu waliotangulia kufika Marekani, waache Kiswahili nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe. Matokeo yake mama anamsemesha mwanawe kwa Kiingereza cha kuokoteza, hadithi na vitendawili vinapotea, na bibi akipiga simu kutoka Kisumu au Bukavu hawaelewani. Saint Paul yenyewe ilifungua mwaka 2023 shule ya msingi ya umma inayozingatia lugha na tamaduni za Afrika Mashariki. Iweje sisi tuzione lugha zetu kuwa mzigo?

Ni kweli kwamba anayefanya zamu mbili hana muda. Lakini vitendawili vinategwa hata ndani ya gari, na vitabu vya kuazima havina tena hofu ya faini: maktaba za Saint Paul zilifuta faini za kuchelewesha vitabu mwaka 2019, na za Hennepin mwaka 2021.

Kubwa zaidi ni barua ya shule. Sheria inataka mtoto apimwe tangu chekechea, na mzazi wa mtoto ambaye bado hajafikia kiwango cha darasa lake ajulishwe hali ya usomaji ya mwanawe, msaada anaopewa na yanayoweza kufanywa nyumbani. Barua hiyo isiishie juu ya friji. Asiyeielewa aombe mkalimani, kisha amuulize mwalimu swali moja: mwanangu ameshindwa kusoma, au hajakijua Kiingereza? Mtoto aliyewasili juzi kutoka kambi ya Nyarugusu, ambaye hajui maana ya neno, si sawa na yule asiyeweza kutofautisha sauti. Wakiwekwa kundi moja, mmoja wao atapoteza mwaka mzima, na mara nyingi mzazi hugundua mtoto akiwa tayari darasa la tatu.