Nani mzalendo?
Juzi stendi ya Msamvu mama mmoja muuza machungwa aliuliza kwa nini mtaani kwao walipewa mgombea mmoja tu. Kijana wa tiketi akamkata kauli: “Mama, wewe si mzalendo.” Mama akanyamaza, akaendelea kufuta machungwa yake kwa ncha ya kanga, moja moja. Neno lile liliniuma. Tangu lini kuuliza kukawa usaliti? Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipozunguka nchi mwaka 1991, takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, lakini tume ikashauri vyama vingi, na sheria ikabadilishwa 1992. Huo ndio uzalendo ninaoujua mimi, wa kumpa nafasi hata aliye mchache. Halafu tazama tulikofika: mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa tangu 2016 hadi Januari 2023, kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa 2019 chama tawala CCM kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti, na Oktoba 2025 chama cha upinzani CHADEMA hakikuwamo kwenye karatasi ya kura, mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Wala si kwetu tu: kule Hungaria, Viktor Orbán, baadaye waziri mkuu, alisimama hadharani mwaka 1989 kudai majeshi ya Kisovieti yaondoke. Baada ya kushinda 2010, chama chake na washirika wake wakapitisha katiba mpya bila kura za upinzani, na wakosoaji wakaitwa vibaraka wa wageni. Hapa kwetu tunawaita vibaraka wa mabeberu. Nilinunua machungwa matano. Mama akanirudishia chenji bila kuinua uso.