Kikohozi cha fundi hakitibiwi kwa dawa peke yake

Ukienda zahanati na kikohozi cha wiki tatu, utaulizwa kama unatoka jasho usiku, kama umepungua uzito na kama nyumbani kuna mtu mwenye kifua kikuu. Ukibahatika utaulizwa na swali la nne: unafanya kazi gani, na mahali pa namna gani? Kwa maoni yangu swali hilo lisiachiwe bahati. Jiji la New York lilijifunza hivyo zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mwanzoni mwa karne ya 20, makoti na sketi nyingi za wanawake wa Marekani zilishonwa katika karakana ndogo za jiji hilo. Mafundi wengi walikuwa wahamiaji, Wayahudi kutoka Urusi na Waitaliano. Kazi nyingine ilifanyika katika vyumba vya kupanga, ambamo familia ilishona, ilipika na kulala. Wakati wa baridi madirisha yalifungwa. Pasi zilipata moto kwa gesi, na mpira wake ukivuja, sumu ilibaki chumbani. Mmoja akikohoa, wote walivuta hewa hiyo hiyo. Si ajabu kwamba kifua kikuu kiliitwa ugonjwa wa washonaji.

Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuua vijidudu vya kifua kikuu. Daktari alishauri mapumziko, chakula bora na hewa safi, kisha mgonjwa akarudi kwenye chumba kile kile kilichomuumiza. Sheria na wakaguzi wa serikali vilikuwepo, lakini wakaguzi walikuwa wachache na karakana zilikuwa nyingi mno.

Mwaka 1910 makumi ya maelfu ya washonaji wa makoti waligoma. Mkataba uliomaliza mgomo huo, Septemba 2, uliunda bodi ya pamoja ya kusimamia usafi wa karakana. Ndani yake walikaa wenye karakana, chama cha wafanyakazi na wawakilishi wa umma, akiwemo muuguzi Lillian Wald. Kazi iliongozwa na Dk. George Price, ambaye naye alikuwa mhamiaji kutoka Urusi.

Wakaguzi wake waliingia karakana moja baada ya nyingine wakiangalia mwanga, hewa, vyoo na milango ya kutokea. Mwenye karakana aliambiwa cha kurekebisha, kisha wakarudi kuona kama amefanya. Aliyetimiza masharti alipewa cheti. Aliyekaidi alijua kuwa chama kingeweza kuwaondoa mafundi wake. Baadaye mafundi wenyewe walipimwa afya, na mwaka 1913 chama kilikuwa na kituo chake cha afya.

Bodi hiyo haikusimamia kila karakana. Machi 25, 1911, moto uliwaka katika kiwanda cha blauzi cha Triangle, kilichokuwa nje ya mkataba huo. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ngazi ya dharura ikakatika. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana. Baada ya hapo jimbo liliunda tume ya kuchunguza viwanda, na Dk. Price ndiye aliyeongoza uchunguzi wake.

Najua wengi wetu tukisikia bwana afya anakuja, tunafikiria faini, rushwa au kufuli mlangoni. Mwenye karakana ndogo anauliza: mkinifungia, watoto watakula nini? Swali hilo ni la haki. Lakini ukaguzi mbaya hauponywi kwa kukosa ukaguzi. Bodi ya New York ilianza kwa kuelekeza, ikarudi kuangalia, na ikampa mfanyakazi nafasi mezani. Fundi anayekaa humo saa 10 kwa siku anaijua hewa ya chumba kuliko mgeni wa dakika 10. Ukaguzi usiomuuliza yeye unaona nusu tu ya ugonjwa.

Leo tunazo dawa ambazo mafundi wale hawakuwa nazo. Ukianzishiwa dawa za kifua kikuu, meza mpaka umalize, hata ukijisikia umepona. Lakini dawa haifungui dirisha. Usipoulizwa kuhusu kazi yako, itaje mwenyewe: nashona, nachomelea, naranda mbao, tuko wangapi chumbani. Taja pia kama wenzako wanakohoa, ili nao wapimwe mapema.

Na wewe mzazi unayempeleka kijana kujifunza ufundi, usiishie kuuliza ada na muda wa mafunzo. Ingia ndani. Je, dirisha linafunguka? Choo kipo na kinatumika? Moto ukizuka, atatokea wapi, na mlango huo hufungwa kwa kufuli wakati wa kazi? Mwenye karakana akichukizwa na maswali hayo, tafuta fundi mwingine. Na bwana afya akipita, mwache kijana aseme anachokiona. Kufungua dirisha leo ni rahisi kuliko miezi ya matibabu.