Uvumilivu umelipa, sasa Fizi nayo itazamwe

Kati ya 2019 na 2022, Chui wa Kongo, timu ya taifa ya soka, walipita mikononi mwa makocha watatu: Florent Ibenge aliondoka, Christian Nsengi akashika nafasi yake, kisha akaja Héctor Cúper. Kila mmoja alianza upya. Cúper naye aling'oka mwaka 2022, baada ya Moroko kuwachapa Chui 4-1 Casablanca na kuwafungia njia ya Kombe la Dunia.

Sébastien Desabre alikabidhiwa timu Agosti 2022, na safari hii shirikisho lilivumilia. Februari 2024 Chui walicheza nusu fainali ya Kombe la Afrika. Novemba 2025, katika mchujo wa Kombe la Dunia huko Moroko, Chancel Mbemba aliitoa Kameruni kwa bao la dakika za nyongeza; siku tatu baadaye Nigeria ikang'olewa kwa penalti. Nani kule Baraka, katika eneo la Fizi, Kivu Kusini, alitabiri hayo?

Kasoro iko kwingine. Kikosi hiki kinaegemea sana vijana waliozaliwa Ulaya: Aaron Wan-Bissaka Uingereza, Noah Sadiki Ubelgiji. Ni wana wa Kongo, wapokelewe kwa furaha. Lakini kijana wa Lubondja, hukohuko Fizi, anayekimbiza mpira kila jioni, nani atamwona? Shirikisho litume watafuta vipaji Fizi pia.