Kanyaga, Shikilia, Achia

Ndugu wasomaji na malenga wenzangu, kwa miaka mingi nimekuwa miongoni mwa wanaokunja uso wakisikia Kiswahili cha gereji. Nilifundisha lugha darasani, nikawasahihisha vijana waliosema kuwa gari "linamisi" au kuwa injini "imenoki", na nikajihesabu kuwa mlinzi wa ufasaha. Leo naandika kukiri kosa. Gari kuukuu la Kijerumani limenionyesha kwamba nilikuwa nikizihesabu nomino za mafundi na kuvizibia masikio vitenzi vyao.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 240D la mwaka 1983, la mfululizo wa W123 ulioanza kuuzwa mwaka 1976. Lina injini ya dizeli yenye silinda nne na ujazo wa lita 2.4. Nimelirithi kwa marehemu kaka yangu, nami hulitengeneza mwenyewe chini ya mparachichi, kihambani kwetu Marangu. Spea huzifuata Moshi mjini. Nikishindwa kabisa, humwita fundi mmoja mzee ambaye mikono yake imefungua injini za aina hii tangu zilipokuwa mpya.

Mwaka juzi, kabla ya masika, niliamua kubadilisha mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. Yakishapata unyevu, joto la mteremko mrefu huweza kuyachemsha, na mvuke wake ukaifanya pedali ikose nguvu. Kwa anayeishi Marangu na kushuka Himo kila wiki, jambo hilo si la kupuuza.

Nilifungua kitabu cha maelekezo cha Kiingereza. Humo, kazi ya kutoa hewa iliyoingia katika mirija ya breki huitwa kwa kitenzi chenye maana ya kutoa damu. Mimi, mtu wa kamusi, nikamwambia mpwa wangu kwa uso mkavu kwamba leo tutazitoa breki damu. Kijana alicheka hadi akakaa chini. "Mjomba," akasema, "kwani ni mbuzi? Breki hutolewa upepo."

Niliona haya, kisha nikapata shaka. Nina nakala ya zamani ya kitabu hichohicho kwa Kijerumani, nikaitafuta. Wajerumani walioliunda gari huiita kazi hiyo "entlüften", yaani kuondoa hewa. Basi kijana wa Marangu asiyejua neno la Kijerumani alikuwa amesema sawasawa na waundaji, nami niliyesoma nilikuwa nimechinja gari. Mafundi wetu hawakutafsiri kutoka kokote. Walitazama mapovu yakitoka kwenye mrija, wakayaita kwa jina la kile walichokiona.

Somo hilo lilinichekesha. Lililofuata nusura liniue.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Mmoja huketi kwenye usukani na kukanyaga pedali. Wa pili hulala chini na spana, akianzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu ya breki. Wa juu hukanyaga na kushikilia; wa chini hulegeza skrubu ndogo, mafuta na mapovu yakatoka, kisha huikaza; ndipo wa juu huachia. Mguu ukiinuka wakati skrubu bado imelegea, mrija hunyonya upepo upya na kazi yote huharibika.

Tulifika gurudumu la mwisho. Mafuta yalikuwa yakitoka safi, nami nikiwa chini nikapaza sauti: "Acha!" Nilikusudia kusema kwamba inatosha, abaki alipo mpaka nikaze. Mpwa wangu aliyekuwa na mguu juu ya pedali akafahamu kwamba anatakiwa aiache pedali. Akaiacha. Sikuona kitu. Nilikaza, nikajifuta mikono, nikajisifu. Pedali ilikuwa laini kidogo, lakini nilijiambia kwamba ni mafuta mapya.

Siku ya pili tulikuwa tukishuka kwenda Himo. Kwenye kona moja nilikanyaga, na pedali ikazama hadi sakafuni kama mguu uliokanyaga tope. Nikaipiga tena mara tatu, ikashika kidogo. Nikashusha gia hadi ya pili, kisha ya kwanza. Injini ikalia, gari likapungua mwendo, nikaligeuza kwenye njia ya kupanda iliyoingia mgombani. Likasimama lenyewe. Mpwa wangu hakusema neno. Mimi pia sikuwa nalo.

Fundi mzee alipokuja na kusikia habari yote, hakuniuliza juu ya mafuta wala mirija. Aliniuliza: "Mwalimu, ulimwambia nini?" Nikamjibu. Akatikisa kichwa. "Kazini hatusemi acha. Acha ina milango miwili. Tunasema kanyaga, shikilia, achia. Kila mmoja anajua mguu wake uko wapi."

Ndugu wasomaji, nimefundisha mnyambuliko wa vitenzi kwa miaka ishirini na zaidi. Nimeandika ubaoni shika, shikia, shikilia. Acha, achia, achilia. Nikawataka wanafunzi wataje kauli na viambishi. Sikuwahi kuwaambia kwamba irabu moja, ile i ya achia, inaweza kuwa tofauti kati ya gari linalosimama na gari lisilosimama. Sikuwaambia kwa sababu sikujua. Aliyejua ni mtu ambaye huenda hajui maana ya neno kiambishi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza. Gereji ni darasa la kauli ya kutendua, kwa kuwa kila kilichofungwa hufunguliwa, na kila kilichofunguliwa lazima kifungwe tena. Nozeli huziba, fundi huizibua. Waya huchomekwa, kisha huchomolewa. Nati hulegezwa kwanza, na kufunguliwa ni hatua nyingine. Anayechanganya hatua hizo mbili huangukiwa na kitu kizito. Kukaza na kukazia nako si kumoja: bolti zote za gurudumu hukazwa kwa mkono wa kadiri, kisha gari likishushwa kwenye jeki hukaziwa. Hakuna anayekosea, kwa sababu kosa la sarufi hapo hutoka na kidole.

Najua mtakaloniambia. Mtasema: na hizo rejeta, gasketi, shokomzoba na plaizi? Nakubali kwamba shokomzoba haipendezi sikioni, na kwamba koleo lilikuwapo kabla ya plaizi kuja kuliondoa. Lakini nomino za kigeni hazijawahi kuiua lugha hii. Hapa Moshi, reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika mwaka 1911. Reli ya wakati huo imekuwa historia, ila maneno shule na hela tuliyoyachukua kwa Wajerumani tunayatumia kila siku bila kuyauliza pasipoti. Usukani uliongoza vyombo vya baharini kabla ya kuongoza magari. Hata jina la ukoo la Benz lilipotufikia tulilivika kiambishi cha watu, wakazaliwa Wabenzi, neno la kuwasema wakubwa waliosahau walikotoka. Lugha inayoweza kumfanya Mjerumani awe ngeli haina sababu ya kuiogopa gasketi.

Tazameni tena maneno niliyokuwa nikiyasahihisha. "Linamisi" lina kiambishi cha ngeli na kiambishi cha wakati, vyote mahali pake. "Imenoki" vilevile. Mzizi ni mgeni, lakini umeketi kwenye kiti cha mwenyeji na kufuata adabu za nyumba. Ugeni unaopaswa kututisha ni ule wangu wa kuzitoa breki damu: maneno yote ya Kiswahili, na fikra hakuna.

Kwa hiyo nasema hivi. Kamusi zetu, tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, zimefanya kazi kubwa ya kuhifadhi msamiati. Sasa wakusanyaji waende gereji, wasiishie kuuliza kifaa hiki kinaitwaje. Waulize unakifanyaje, na waandike kitenzi pamoja na kazi yake. Walimu wafundishe mnyambuliko kwa breki na nati. Nasi washairi, tunaohesabu mizani nane kwa vidole, tukae siku moja na watu wanaopima maneno yao kwa maisha ya abiria. Tufanye hivyo mapema. Magari mapya huunganishwa na kompyuta, na hitilafu husomwa kwenye kioo kwa Kiingereza. Wazee wanaosikiliza injini na kuieleza kwa Kiswahili wanapungua, na vitenzi vyao vitaondoka nao.

Beti hii nilimtungia mpwa wangu, naye ameibandika ndani ya boneti:

Fundi akisema shika, shika hadi akwambie,
Na pedali ikishuka, mguu usiachie,
Upepo ukishatoka, ndipo naye akazie,
Herufi ikidondoka, uhai tuulilie.

Jumamosi iliyopita tulitoa upepo tena, magurudumu yote manne. Safari hii mimi nilikaa kwenye usukani, na kijana alikuwa chini akitoa amri. Nilikanyaga, nikashikilia, na sikuachia mpaka niliposikia ile i.