Kufunga mtandao wa shule peke yake hakumlindi mtoto

Mpwa wangu ni mtoto wa Likoni, lakini siku hizi nakaa naye hapa Kahawa Wendani, jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Yuko gredi ya nane. Juzi alirudi na barua ya shule: amekutwa akicheza Minecraft katika chumba cha kompyuta, ilhali michezo imefungwa kwenye mtandao wa shule.

Nikamuuliza amepitaje. Akanijibu bila wasiwasi: "Mjomba, wanafunga jina la tovuti tu. Kesho inafunguka kwa jina lingine."

Shida yenyewe ni hiyo. Kichujio cha mtandao ni kama bawabu aliyepewa orodha ya majina: ajaye na jina jipya hupita. Wengine hutumia VPN, na bawabu hata hajui wanakokwenda. Zile nakala za mchezo zinazozagaa kwa majina mapya, mwenyewe hajulikani, na mtoto anaweza kuibiwa nywila zake humo. Tumemfungia mlango wa mbele, naye amepita kichochoroni.

Simlaumu mwalimu. Kompyuta ni chache, laini ya intaneti ni moja. Mmoja akicheza, wenzake wanakwama. Mpwa wangu nimemwambia aende akaombe radhi.

Lakini tuutazame mchezo wenyewe. Mchezaji hupewa ardhi na matofali, ajenge atakacho. Sisi Likoni tulijenga nyumba za mchanga mpaka maji yakajaa yakazichukua. Tofauti ni kwamba hizi zao zinabaki. Mwaka 2012, shirika la UN-Habitat, lenye makao yake Gigiri hapa Nairobi, lilishirikiana na Mojang, kampuni ya Uswidi iliyoutengeneza mchezo huo, ili wananchi wautumie kuchora maeneo yao ya umma. Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza, katika kupanga uwanja wa michezo wa Silanga. Basi chombo kilichofaa kupangia uwanja wa Kibera, kwa nini Wendani kiwe ni cha kuletea barua tu?

Mtaala wa CBC wenyewe unataja ujuzi wa kidijitali kuwa miongoni mwa umahiri wa msingi. Naomba shule zitenge saa moja kwa wiki, baada ya masomo, mwalimu akiwapo, kwa nakala halali iliyonunuliwa. Mchezo huo huweza kuchezwa baina ya kompyuta za chumba kimoja bila kutoka nje kwenye intaneti. Watoto wapewe kazi: wa Wendani wapange kituo chao cha matatu, wa Likoni wapange kivuko chao.

Nasi wazazi wa Pwani, tukienda mkutano wa shule tusiulize alama peke yake. Tuulize pia: chumba cha kompyuta kinafunguliwa lini, na watoto wetu wanafundishwa nini humo?